Kodi ya chumba Mbeya na Iringa: bei ya mwezi peke yake inakudanganya

Kama unauza nguo, viatu, vipodozi au vyombo kupitia WhatsApp na Instagram, na uko Nyanda za Juu Kusini, hili swali lazima umeshalisikia: kati ya Mbeya na Iringa, wapi kodi iko chini?

Swali ni zuri ila lina mtego. Kwa sisi wauzaji wadogo, chumba ndiyo duka. Unalala humo, mzigo uko humo, picha za bidhaa unapigia humo, na mteja akisema "nakuja kuchukua" anakuja hapohapo. Yani kodi yako ni gharama ya biashara, sawa na nauli ya mzigo kutoka Kariakoo. Na siku ya kulipa kodi ndiyo siku ambayo mitaji mingi midogo inakufa. Mtu alikuwa na laki tisa ya kuzungusha, mwenye nyumba kataka ya miezi sita, kesho yake amebaki na nusu na wateja wanauliza size ambazo hana hela ya kuzileta.

Kwa hiyo leo twende taratibu. Tuone kodi inavyopanda na kushuka kwenye hii miji miwili, halafu tuipime kwa kipimo cha biashara. Ukishika kipimo hicho hutamuuliza tena mtu "wapi nafuu", utapiga hesabu mwenyewe.

1. KWA NINI BEI HAISHUKI

Anza na watu. Sensa ya 2012 ilihesabu Jiji la Mbeya kuwa na watu kama 385,000. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 541,000. Hiyo ni nyongeza ya karibu 40% ndani ya miaka 10. Manispaa ya Iringa ilitoka watu kama 151,000 ikafika zaidi ya 202,000, nyongeza ya karibu theluthi moja.

Wote hao wanataka pa kulala. Nyumba zinajengwa, ndiyo, lakini nyingi zinajengwa pembeni ya mji ambako viwanja vinapatikana. Katikati nafasi ni ileile. Ndiyo maana ndani ya mji mmoja utakuta tofauti ya bei kubwa kuliko tofauti ya Mbeya na Iringa. Chumba cha kawaida cha katikati na chumba cha kawaida cha pembeni ni kama bidhaa mbili tofauti.

Kitu kingine: hakuna sheria inayompangia mwenye nyumba bei. Zamani ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano yenu wawili. Kinachokulinda ni mkataba ulioandikwa. Tutarudi hapo.

2. MBEYA ILIVYOKAA

Jiji la Mbeya limetandazwa kando ya barabara kuu inayotoka Dar kwenda Tunduma. Ukiifuata kutoka Uyole mpaka Iyunga unakutana na maeneo kama Sae, Ilomba, Kabwe, Mwanjelwa na Nzovwe. Reli ya TAZARA inapita, Tunduma na mpaka wa Zambia hauko mbali, na pale Uyole inachepuka barabara ya Tukuyu na Kyela kwenda mpaka wa Malawi.

Kwa muuzaji maana yake ni hii: kadiri chumba kinavyokuwa karibu na barabara hiyo, ndivyo unavyoshindana na watu wengi. Unashindana na mwenye fremu anayetafuta stoo, wafanyabiashara wanaopita, na mfanyakazi anayetaka kushuka daladala akatembea dakika mbili. Maeneo ya Mwanjelwa, Kabwe na Soweto yana faida ya soko na usafiri, na wenye nyumba wanalijua hilo vizuri.

Halafu kuna vyuo. MUST iko upande wa Iyunga, Teofilo Kisanji iko Block T, Mzumbe ina kampasi yake Forest. Kila chuo kina mitaa inayokizunguka ambapo mpangaji mkuu ni mwanafunzi, na mwanafunzi mmoja akigawana chumba na mwenzake wanaweza kulipa bei ambayo wewe peke yako inakuuma.

3. IRINGA ILIVYOKAA

Iringa ni tofauti. Mji wenyewe uko juu ya kilima, barabara kuu inapita bondeni, Ipogolo. Kwa hiyo mtu wa Iringa anapanda na kushuka. Katikati ni Miyomboni, Mlandege, Makorongoni na Mashine Tatu, na ukitoka hapo unakwenda Kihesa, Mtwivila, Mkwawa, Mwangata na kwingine. Stendi mpya ya mabasi iko Igumbilo, chini huko, siyo katikati ya mji.

Hiyo stendi ni jambo la kuangalia kabla hujasaini popote. Kama wateja wako wengi ni wa mikoani na unatuma mizigo kwa basi, chumba kizuri cha katikati ya mji kinaweza kuwa mbali na basi lako. Kama wateja wako ni wa Iringa mjini, kukaa Ipogolo kwa sababu kodi ni ndogo kutakufanya upandishe kilima kila siku kwa bodaboda.

Na Iringa kwa ukubwa wake ni mji wa wanafunzi hasa. Chuo Kikuu cha Iringa kiko upande wa Kihesa na Semtema, Mkwawa kuna MUCE, na kuna RUCU pia. Mji wa watu laki mbili wenye vyuo vikuu vitatu, ujue vyuo vikifunguliwa soko la vyumba linatikisika kuliko Mbeya.

4. MIEZI INA TABIA YAKE

Kodi haipandi sawasawa mwaka mzima. Angalia kalenda:

Oktoba na Novemba. Vyuo vinafungua. Vyumba vya karibu na vyuo vinaisha fasta na madalali hawabembelezi mtu. Ukitafuta chumba Semtema au Iyunga kipindi hiki umejitafutia shida.

Desemba mpaka Aprili. Mvua. Watu wengi hawapendi kuhama na mvua. Januari kuna ada za shule, wapangaji wengine wanashindwa wanaachia vyumba, na mwenye nyumba naye ana ada ya watoto, anahitaji hela mkononi. Hapo ndipo mazungumzo yanawezekana.

Mei mpaka Julai. Mavuno. Hela inaingia mkoani, mpunga wa Mbarali, mahindi, viazi. Ni msimu mzuri wa kuuza, na pia ni msimu ambao sehemu za kuhifadhi zinatafutwa.

Julai mpaka Septemba. Wanafunzi wengi wako nyumbani. Vyumba vya mitaa ya vyuo vinakaa wazi wiki hata miezi. Huu ndio muda wako wa kuulizia. Mwenye nyumba anayeona chumba chake tupu miezi miwili anasikiliza.

Kwa hiyo kama mkataba wako unaisha Oktoba, jitahidi ukiongeza sasa uongeze kwa miezi ambayo mwisho wake utaangukia Julai au Agosti. Ni kitu kidogo ila kinakupa nguvu ya kuongea miaka yote inayofuata.

5. KIPIMO CHENYEWE: KODI KWA KILA MZIGO

Sasa tufike kwenye hesabu. Namba nitakazotumia hapa ni za mfano tu, weka zako.

Chukua kodi yako ya mwezi, gawanya kwa idadi ya oda unazotuma kwa mwezi. Jibu ndilo kodi ambayo kila mzigo unalipa.

Tuseme uko Mbeya, chumba ni 60,000 na unatuma oda 40 kwa mwezi. Kila oda inabeba kodi ya 1,500.

Tuseme unavutiwa na Iringa kwa sababu umepata chumba cha 45,000. Lakini huko wateja wako hawakujui bado, unaanza na oda 20 kwa mwezi. Kila oda inabeba 2,250.

Umeona? Chumba cha bei ndogo kimekuwa ghali zaidi. Na inaweza kuwa kinyume pia: kama wateja wako wengi ni wanafunzi na Iringa utauza oda 50, basi ile 45,000 inakuwa 900 kwa oda, na kuhama ni akili.

Hiki kipimo kinakuambia pia bei yako. Kama faida kwenye gauni moja ni 5,000 na kodi inakula 2,250, hujalipa bando, hujalipa mfuko, hujala. Usishangae mwisho wa mwezi ukauliza hela imeenda wapi.

6. CHUMBA CHA MBALI: PIGA HESABU YA SAFARI

"Nitakaa pembeni, kodi ndogo." Wengi wanasema hivyo. Wakati mwingine wako sahihi, wakati mwingine hapana. Njia ya kujua ni moja.

Mfano: chumba cha karibu na mjini 60,000, bodaboda mpaka unapotumia mizigo 1,000 kwa safari. Chumba cha mbali 35,000, bodaboda 4,000 kwa safari. Tofauti ya kodi ni 25,000. Tofauti ya nauli ni 3,000. Gawanya 25,000 kwa 3,000, unapata 8 na kidogo.

Maana yake: ukitoka na mzigo zaidi ya mara 8 kwa mwezi, chumba cha karibu ndicho cha bei nafuu. Ukitoka mara 8 au chini, chumba cha mbali kinakulipa.

Kwa hiyo kama umeamua kukaa mbali, panga siku za kutuma. Waambie wateja mapema: "Mizigo inaondoka Jumanne na Ijumaa." Safari mbili kwa wiki ni kama 8 kwa mwezi, umekaa kwenye mstari. Lakini kama wewe ni wa "niletee sasa hivi" kila siku, usijidanganye na kodi ya pembeni. Bodaboda ndiye anayekula faida yako.

7. MIEZI SITA AU MITATU?

Hapa ndipo mtaji unapokufa, soma polepole.

Mwenye nyumba anakuambia: ukilipa miezi sita ni 60,000 kwa mwezi, ukilipa mitatu ni 65,000. Wengi wanakimbilia sita kwa sababu wanaokoa 5,000 kila mwezi, jumla 30,000. Inaonekana ni ujanja.

Lakini angalia. Miezi sita unatoa 360,000 leo. Miezi mitatu unatoa 195,000. Tofauti ni 165,000 inayobaki kwenye biashara kwa miezi mitatu. Kama mzigo wako unazunguka mara moja kwa mwezi na unapata faida ya 20%, hiyo 165,000 inakuzalishia 33,000 kila mwezi, miezi mitatu ni 99,000. Umekataa punguzo la 30,000 ukapata 99,000.

Ila kuwa mkweli na nafsi yako. Hesabu hiyo inafanya kazi tu kama hela kweli inazunguka. Kama mzigo wako umelala chini ya kitanda tangu mwezi wa tatu, au kama hela ikikaa mkononi inageuka kuku wa kukaanga, lipa miezi sita na ulale usingizi. Kodi iliyolipwa angalau haiwezi kuliwa.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, weka kodi pembeni kila siku. 60,000 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 2,300. Weka 2,400 kila siku kwenye laini tofauti au kibubu, mwisho wa mwezi una 62,400. Siku ya kodi inafika hujagusa mtaji.

8. GHARAMA AMBAZO TANGAZO HALISEMI

Dalali. Desturi ni kodi ya mwezi mmoja, na wengine wanataka na hela ya kukuonyesha. Kwa chumba cha 60,000 ukikaa miezi sita, dalali amekuongezea 10,000 kila mwezi. Ukikaa miaka miwili, ni 2,500 tu. Ndiyo maana kuhamahama ni ghali hata kama kila chumba kipya ni cha bei ndogo. Na usimlipe mtu kabla hujaingia ndani, ukaonana na mwenye nyumba mwenyewe na kuulizia majirani. Chumba kimoja kinaweza kuwa na madalali watatu na mwenye nyumba asimjue hata mmoja.

LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila ghorofa kwa nyumba za ghorofa. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Kama mita iko kwako na inakatwa kwako, kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka. Andika kila inapokatwa, mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Ongea mapema kabla hujasaini, siyo baada ya mwaka.

TRA. Ukikodi fremu kwa ajili ya biashara, sheria inataka mpangaji azuie 10% ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Wenye fremu wengi wanasema "mimi nataka laki yangu mkononi." Kama anataka laki kamili baada ya makato, fremu hiyo kwako siyo ya laki, ni kama 111,000. Uliza TRA kwanza ndipo ukubaliane bei. Na uliza kuhusu kilemba, ile hela ya kumtoa mpangaji wa zamani, maana hairudi.

Unyevu. Hii miji ni ya baridi na mvua zake ni ndefu. Chumba chenye ukuta unaotoka maji kitaozesha maboksi, kitatia ukungu kwenye viatu na mikoba. Angalia dari kama ina madoa, shika ukuta wa nyuma, na kama unaweza nenda siku mvua imenyesha. Mzigo uweke juu ya mbao, usiuweke sakafuni. Viatu pea tatu vikiharibika, umeshalipa kodi ya chumba kizuri.

9. FUATILIA BEI MWENYEWE

NBS wanatoa takwimu za bei kila mwezi, na humo kuna kundi la nyumba, maji, umeme na nishati. Inasaidia kujua nchi inaelekea wapi. Lakini haitakuambia Ilomba au Mtwivila bei gani leo.

Fanya hivi. Chagua mitaa mitatu unayoitaka. Kila tarehe 1 ya mwezi angalia matangazo ya vyumba ya aina moja tu, mfano chumba kimoja chenye choo ndani, andika bei tano kwa kila mtaa. Usichanganye chumba cha choo cha nje na cha ndani, wala chumba na sebule. Kila bei andika na muda wanaotaka: miezi mitatu, sita au mwaka.

Halafu uliza wapangaji wawili watatu wanalipa ngapi. Bei ya tangazo ni ya kuanzia mazungumzo, ya mpangaji ndiyo ya kweli. Pengo la hizo mbili ndiyo nafasi yako ya kupunguziwa. Na ukiona tangazo lilelile miezi miwili mfululizo, chumba kimekosa mtu. Hapo nenda na ofa yako.

10. ONGEA NA MWENYE NYUMBA KAMA MTU MZIMA

Usianze na "punguza." Anza na heshima na sababu. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Chumba nimekipenda. Mimi nafanya biashara ya mtandaoni, mzigo wangu ni nguo, hauna harufu wala kelele. Naomba nilipe miezi mitatu mitatu, nitakulipa wiki moja kabla haijaisha. Nikichelewa hata mara moja, tunarudi kwenye miezi sita."

Mwambie ukweli kwamba wateja watakuja kuchukua mizigo, na saa ngapi. Ukificha, siku akiona watu wanaingia na kutoka atapandisha kodi au atakutoa, na kosa litakuwa lako.

Mkikubaliana, andikeni: bei, muda, bei itapanda lini na kwa kiasi gani, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, LUKU na maji nani analipa, na biashara imeruhusiwa. Shahidi awe mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Lipa kwa simu au benki ibaki kumbukumbu, na ukitoa taslimu dai risiti. Likitokea la kutokea, Baraza la Ardhi na Nyumba litauliza karatasi.

KWA KUMALIZIA

Mbeya ina watu wengi na njia nyingi za kutuma mzigo, na barabara kuu inakutoza kwa hilo. Iringa ni ndogo, ina wanafunzi wengi kwa ukubwa wake, na bei zake zinakwenda na kalenda ya vyuo. Hakuna mji wa nafuu kwa wote.

Leo usiku chukua daftari. Andika kodi yako, ongeza nauli za kupeleka mizigo, ongeza fungu la dalali, gawanya kwa oda za mwezi uliopita. Kama jibu ni zaidi ya robo ya faida yako kwa oda moja, una mambo mawili ya kufanya kabla ya kuhama mji: ongeza oda, au panga siku za kutuma. Yote mawili hayahitaji dalali.

Tunza hii, na mtumie mwenzako ambaye mkataba wake unakaribia kuisha.